Moto wa geji ya temperecha
Kaka, moto (umeme) wa hiyo geji ya temperecha ya injini unayotaka kufunga usiuchukue kwenye redio, ule ni wa ACC, yaani hatua ya swichi ya vifaa kama redio, gari nyingi ukipiga stata unakatika na geji inazima. Fungua boksi la fyuzi, shika taa ya kupimia, tafuta fyuzi yenye moto swichi ikiwa ON na ukichomoa funguo inakufa kabisa, halafu mtu apige stata huku unaangalia, taa isipozimika ndiyo hiyo. Nafunga hizi geji hapa Mwanjelwa, Mbeya, na wewe unapanda mlima Kitonga na mzigo usibahatishe. Weka fyuzi yake ndogo, amp 3 inatosha geji nyingi, athi (waya wa hasi) funga kwenye chuma cha bodi kilichokwanguliwa rangi. Ila fyuzi ya eabegi au kompyuta ya injini usiiguse.