Maswali ya Wasomaji: Usingizi wa Likizo, Majira Yanayopishana na Nyimbo Masikioni

Likizo inaelekea ukingoni, na barua za safari hii zinaonyesha hivyo. Wazazi wanauliza kuhusu usingizi na mabegi. Vijana wanauliza kuhusu muziki, na grupu moja la marafiki limegombana kuhusu jua. Tumefupisha maswali bila kugusa maana yake.

Mhariri, salaam. Zimebaki siku 10 shule zifunguliwe. Wanangu, mmoja wa miaka 9 na mwingine 14, wanalala saa sita usiku na kuamka saa nne asubuhi. Shule ikifunguliwa watatakiwa kuamka saa kumi na mbili. Nawalaza mapema, wanabaki wakigeukageuka kitandani. Nifanyeje?
*Mama wa wawili*

Mama, umeanza na upande mgumu. Mtoto unaweza kumwamsha, lakini huwezi kumlazimisha asinzie. Aliyeamka saa nne asubuhi, ikifika saa mbili usiku mwili wake bado una nguvu za jioni, ndiyo maana wanageukageuka. Rekebisha kwanza saa ya kuamka. Ya kulala itafuata yenyewe baada ya siku mbili tatu.

Pengo lako ni saa 4, yaani dakika 240. Ungekuwa na wiki mbili na ushee, dakika 15 kwa siku zingetosha, na huo ndio mwendo mpole. Kwa siku 10, sogeza dakika 30 kila asubuhi: siku ya kwanza waamke saa tatu na nusu, ya pili saa tatu kamili, hivyo hivyo hadi siku ya nane, saa kumi na mbili. Siku mbili zinazobaki ni za akiba, kwa sababu lazima itatokea asubuhi moja ambayo mtaiharibu.

Wakiamka, watoke nje ndani ya nusu saa ya kwanza na wakae huko walau dakika 20. Saa ya mwilini hujirekebisha zaidi kwa mwanga wa asubuhi kuliko kwa kitu kingine chochote. Taa ya ndani haitoshi: sebule yenye taa huwa na luksi (kipimo cha mwanga) mia chache tu, ilhali nje, hata siku ya mawingu, mwanga hufika maelfu ya luksi. Jioni geuza mambo. Punguza taa, na simu zikae nje ya chumba cha kulala saa moja kabla ya kulala. Mkizizima tu na kuziacha chini ya mto, mtakuwa hamjafanya kitu.

Kiasi cha usingizi hutofautiana kwa umri. Wataalamu wa usingizi hupendekeza saa 9 hadi 12 kwa watoto wa miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa wa miaka 13 hadi 18. Kwa hiyo huyo wa miaka 9 awe amesinzia saa tatu usiku bila kuchelewa, na saa mbili ni bora zaidi. Wa miaka 14 mwisho wake uwe saa nne usiku. Usimwone huyu mkubwa mkaidi akisema hana usingizi. Mtoto akibalehe, saa ya mwilini husogea mbele, na usingizi humjia akiwa amechelewa kuliko mdogo wake hata kama wameamka pamoja.

Mpango huu huharibiwa zaidi na usingizi wa mchana. Mtoto aliyepunguziwa usingizi asubuhi atataka kuufidia alasiri. Mruhusu dakika 20, kabla ya saa tisa alasiri, kisha mwamshe. Kahawa na soda zenye kafeini zikome saa nane mchana, kwa sababu muda wa saa tano hivi tangu kunywa, nusu ya kafeini bado imo mwilini. Na mwisho wa wiki msiwaachie walale zaidi ya saa moja kupita kawaida, la sivyo Jumatatu mtaanza upya.

Mwanangu ana kilo 30 na begi lake la shule lina kilo 6. Ni sawa?
*Baba mwenye wasiwasi*

Hapana, limezidi. Kipimo kinachotumika sana ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto. Kwa kilo 30 ni kati ya kilo 3 na 4.5. Pima begi tupu kwanza: mabegi mengine yanakaribia kilo moja na nusu kabla ya kuwekwa kitabu. Vitabu vizito vikae upande unaogusa mgongo, avae mikanda yote miwili, na kitako cha begi kisishuke zaidi ya sentimita 10 chini ya kiuno. Begi linaloning'inia humvuta nyuma, naye hujipinda mbele ili asianguke. Hapo ndipo shingo na mabega huanza kuuma.

Sisi ni grupu la marafiki wa mtandaoni, kila mmoja na nchi yake. Mmoja anasema joto huja kwa sababu dunia imesogea karibu na jua. Mwingine anauliza: mbona basi mwezi uleule huyu anavaa koti zito na yule anakwenda kuogelea? Tupatanishe. Na mbona shule zetu hazifunguliwi pamoja?
*Grupu la watu saba*

Huyo wa pili ameshinda. Umbali ungekuwa ndio sababu, dunia nzima ingepata joto pamoja. Tena dunia huwa karibu zaidi na jua mapema Januari, kama kilomita milioni 147, na mbali zaidi mapema Julai, kama kilomita milioni 152. Yaani kaskazini mwa dunia huwa kwenye baridi kali wakati jua liko karibu.

Sababu ni mwinamo. Mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.4, na mwinamo huo huelekea upande uleule dunia inapozunguka jua. Mwezi Juni nusu ya kaskazini imeinamia jua. Desemba ni zamu ya kusini. Chukua mahali palipo nyuzi 50 kaskazini ya ikweta. Karibu na tarehe 21 Juni jua la adhuhuri hupanda nyuzi 63 hivi juu ya upeo, na fimbo ya mita 1 hutoa kivuli cha nusu mita. Karibu na tarehe 21 Desemba jua hufika nyuzi 17 tu, na kivuli cha fimbo hiyohiyo hupita mita 3. Mwanga uleule umetandazwa juu ya eneo kubwa zaidi, kwa hiyo kila mita ya ardhi hupata karibu theluthi moja ya nguvu ya Juni. Ongeza kwamba mchana wa Juni mahali hapo ni wa saa 16 hivi na wa Desemba ni wa saa 8. Anayebisha achukue tochi na karatasi: aimulike wima, halafu kwa mshazari, atazame duara la mwanga linavyotanuka na kufifia.

Kwenye ikweta mchana ni wa takriban saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo majira hutambulikana zaidi kwa mvua kuliko kwa joto. Ukanda wa mvua hulifuata jua kaskazini na kusini, na kwa kuwa huvuka ikweta mara mbili kwa mwaka, sehemu nyingi za karibu na hapo hupata misimu miwili ya mvua.

Kuna jambo moja hamkuliuliza ila mtaligombania wiki ijayo: siku yenye mchana mrefu kuliko zote siyo ya joto kuliko zote. Ardhi na hasa bahari huchukua muda kupata moto, kwa hiyo kilele cha joto huja wiki kadhaa baadaye, na pwani huchelewa zaidi kuliko bara.

Shule hazifuati kanuni moja. Katika nchi nyingi za Ulaya mwaka wa masomo huanza Septemba au karibu na hapo, Japani huanza Aprili, Australia huanza mwishoni mwa Januari au mapema Februari. Kwenye grupu acheni kusema "tukutane baada ya likizo ya kiangazi", tajeni mwezi. Na mkipanga kuongea mubashara, andikeni saa kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya kimataifa, na kwa mtindo wa saa 24. Nchi za Umoja wa Ulaya hubadilisha saa (huisogeza mbele saa moja, kisha huirudisha) Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, ilhali sehemu kubwa ya Marekani hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Katika majuma hayo ya katikati, miadi iliyokuwa sawa mwezi mzima hupotea kwa saa moja, na kila mtu humlaumu mwenzake.

Shikamoo mhariri. Kaka yangu anasema muziki unanipotezea muda nikisoma. Mimi bila muziki sisomi kabisa. Nani yuko sahihi?
*Mwanafunzi wa sekondari*

Marahaba. Inategemea kilicho mezani. Ukisoma au ukiandika, akili inashughulika na maneno. Wimbo wenye maneno unayoyaelewa unaleta maneno mengine mlango uleule. Utaona umefika mwisho wa ukurasa hujui umesoma nini. Kukariri mambo kwa mpangilio, kama tarehe au hatua za jaribio, huathirika hata na sauti isiyo na maneno ikiwa inabadilikabadilika. Hapo kaka yako ana haki. Lakini ukiwa unanakili mchoro, unapanga madaftari au unarudia hesabu za aina uliyokwisha kuizoea, muziki hauna neno, na unakufanya usiache kazi katikati.

Usituamini sisi, jipime. Chagua kurasa mbili zenye ugumu sawa. Soma moja na wimbo uupendao, ufunge kitabu, uandike kwa dakika 5 kila unachokumbuka. Soma ya pili kimya, ufanye vilevile. Kesho badilisha mpangilio, uanze na kimya. Hesabu hoja ulizoandika, maana hisia hudanganya: muziki humfanya mtu aone amesoma vizuri kwa kuwa amefurahi.

Kama lazima kiwepo kitu masikioni, tengeneza pleilisti ya dakika 25 isiyo na uimbaji, ya nyimbo unazozijua, kwa sauti ya chini. Ikiisha, ndiyo mapumziko. Mara nyingi kinachokula muda ni simu iliyo mkononi: kila ukiruka wimbo unakutana na ujumbe, na ujumbe una majibu yake. Na mitihani hufanywa kimya, kwa hiyo sehemu ya mazoezi yako iwe kimya pia.

Kuhusu ile habari kwamba kusikiliza muziki wa Mozart, mtunzi wa Ulaya wa zamani, huongeza akili: utafiti wa 1993 ulihusu wanafunzi wa chuo, aina moja ya maswali ya maumbo, na faida iliyodumu kama robo saa tu. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba hata muziki mwingine unaochangamsha unaweza kufanya hivyo. Sikiliza wimbo uupendao dakika 10 *kabla* ya kuanza, kisha zima.

Nasikiliza kwa spika za masikioni kutwa. Sauti ya kiasi gani ni salama?
*Mpenda besi*

Shirika la Afya Duniani limeweka desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa watu wazima, na 75 kwa muda huohuo kwa watoto. Kila ukiongeza desibeli 3, gawa muda kwa mbili: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5 kwa wiki nzima. Watu wengi hawaharibikiwi chumbani. Huharibikiwa ndani ya gari lenye kelele, kwa sababu hupandisha muziki uishinde injini, kisha husahau kuushusha. Spika zinazoziba sikio vizuri husaidia hapo kuliko ujasiri.

Pasipo kipimo, usipite asilimia 60 ya sauti ya simu. Simu nyingi zina kikomo ndani ya mipangilio ya sauti, kiweke leo. Mtu aliye umbali wa mkono akisema kawaida nawe husikii kabisa, punguza. Masikio yakivuma baada ya kusikiliza, umeshapitiliza. Vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa havioti tena kwa binadamu. Mvumo usipoisha siku ya pili, mwone daktari.

Pleilisti yetu ya pamoja imekuwa vurugu: wimbo mmoja unanong'ona, unaofuata unapasua masikio. Na bando linaisha.
*Wapenzi wa muziki*

Sauti kupanda na kushuka ni kwa sababu kila wimbo ulirekodiwa kwa kiwango chake. Tafuteni kwenye mipangilio ya programu kipengele cha kusawazisha sauti, kila mmoja akiwashe kwake. Nyimbo mlizorushiana kama mafaili ya simu programu hiyo mara nyingi haizigusi.

Bando ni hesabu rahisi. Ubora wa kilobiti 96 kwa sekunde hula MB 43 kwa saa, 160 hula MB 72, na 320 hula MB 144. Kwa spika ndogo za simu, tofauti ya 160 na 320 wengi hamtaisikia. Afadhali zaidi pakueni pleilisti nzima mkiwa kwenye Wi-Fi. Na wekeni kikomo cha nyimbo tatu kwa mtu kwa wiki, zisizidi moja ya msanii yuleyule, maana bila hivyo anayependa msanii mmoja atawazika wote.

Wimbo umenikwama kichwani tangu juzi. Kipande kimoja tu, kinajirudia.
*Aliyechoka*

Usikilize wote, mwanzo hadi mwisho. Mara nyingi kinachokwama ni kipande ambacho hukijui kinaishia wapi. Ikishindikana, fumbua fumbo la maneno, au tafuna jojo: taya likishughulika, ni vigumu kuimba kimoyomoyo. Kuulazimisha utoke ndiko kunakouchochea.