Wakaguzi wameondoka, ripoti iko wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mweka hazina wa SACCO ya walimu hapa Arua, Uganda. Wakaguzi wa serikali walikaa kwetu siku nne, tukafanya kikao cha kufunga, wakaaga. Sasa ni wiki ya sita, ripoti haijafika. Wanaifanya nini huko ofisini? Na sisi tungoje tu?

Jibu: Marahaba, ndugu mweka hazina. Alichoondoka nacho mkaguzi ni rasimu. Kabla haijawa ripoti, lazima isomwe na mkubwa wake ambaye hakufika kwenu, hajaonja chai yenu wala kumwona meneja wenu. Anachojua kuhusu SACCO yenu ni kile kilicho kwenye karatasi, na hiyo ndiyo faida yake.

Kwanza anatafuta ushahidi. Kama rasimu inasema mikopo ya wajumbe wa bodi ilitolewa bila kikao, ataomba aone nakala ya kitabu cha kumbukumbu. Isipokuwepo kwenye faili la kazi, sentensi hiyo inafutwa au mkaguzi anarudishwa kuitafuta. Wiki nyingi hupotelea hapo.

Kisha anazipiga hesabu upya. Chukua mikopo iliyo hatarini, maana hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia. Tuseme mikopo yenu yote ni shilingi milioni 800, na marejesho yaliyopitisha siku 30 bila kulipwa ni milioni 24. Mhasibu wenu ataandika asilimia 3 na kulala usingizi. Lakini kipimo hakihesabu rejesho lililochelewa peke yake. Kinahesabu salio lote la kila mkopo uliochelewa. Masalio hayo yakiwa milioni 96, jibu ni asilimia 12. Mkaguzi akiandika 3 ukurasa wa pili na 12 ukurasa wa tisa, ripoti haitoki mpaka moja ishinde. Nawaomba mhesabu wenyewe leo, msingoje kuambiwa.

Pia anaulinganisha ukali wa maneno na alama. Marekani, vyama vya akiba na mikopo vya shirikisho hukaguliwa na NCUA, wakala wa serikali unaovisimamia, na hupewa alama kuanzia 1, iliyo bora, hadi 5. Wanapima mtaji, ubora wa mali, uongozi, mapato na ukwasi, yaani fedha zilizo tayari kulipa madai. Tangu Aprili 2022 wameongeza hatari ya soko, hasa riba zinapobadilika. Maelezo yakisema uongozi ni dhaifu huku alama ikisema ni mzuri, msomaji wa pili lazima aulize. Maagizo nayo huyapima: "boresheni ufuatiliaji wa mikopo" halimsaidii mtu. Agizo zuri linasema nani afanye nini, na mpaka lini.

Sasa, mngoje tu? Hapana. Kipindi hiki ndicho chenu. Fungueni maandishi mliyoyachukua kwenye kikao cha kufunga. Kama kuna hati mliyosema ipo na hamkuionyesha, ipelekeni sasa kwa barua, mkitaja hoja inayohusika, na mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Hati inayofika rasimu ikiwa bado mezani husomwa pamoja nayo. Ikifika baadaye, imekuwa pingamizi, na pingamizi lina safari ndefu: kule Marekani chama kina siku 30 tangu kipokee ripoti kuomba uamuzi uangaliwe upya.

Barua iende kwa aliyewakagua kweli. SACCO nyingi Uganda ziko chini ya UMRA, mamlaka inayosimamia taasisi ndogo za fedha, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016. Sheria hiyohiyo ilizitenga zile kubwa zaidi ziwe chini ya Benki Kuu ya Uganda. Usimpigie mkaguzi simu yake binafsi kumwuliza alama, hata kama mlizoeana. Unamweka pabaya, na barua yenu ya haki itaanza kutazamwa kwa shaka.