Kwa mnaoanza kazi ya data za picha za ubongo

Kila kundi jipya linapoanza kazi katika maabara yetu, huja na ari, skripti nzuri na makosa yaleyale ambayo waliowatangulia waliyafanya na kuyalilia. Nawapenda wadogo zangu hawa, na ndiyo maana nimechoka kunyamaza. Haya ndiyo ambayo ningependa kila mmoja awe ameyasoma kabla hajapewa nenosiri la hifadhi.

1. Fomu ya ridhaa husomwa kabla ya skripti yoyote kuandikwa. Anayepanga kuweka data OpenNeuro, hifadhi ya wazi ya mtandaoni ya picha za ubongo, ambako seti hutolewa kwa leseni ya CC0, yaani mwenye data anaachia haki zake zote, anatakiwa awe amemweleza mshiriki tangu mwanzo, kwa lugha anayoielewa, kwamba picha zake zitaweza kuchukuliwa na mtu yeyote, popote, kwa matumizi yoyote. Ridhaa iliyotolewa kwa utafiti huu peke yake haigeuki kuwa ridhaa ya dunia nzima kwa sababu tu jarida limedai data. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 zote zinaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na zote zina masharti kuhusu kuzivusha mpaka.

2. Kihakiki cha BIDS, programu inayokagua kama data zimepangwa kwa kiwango cha pamoja cha picha za ubongo, hakioni uso wa mtu, na hapa naomba mnivumilie. Kinachohakikiwa ni majina ya faili, mpangilio wa folda na yaliyomo katika faili za JSON, yaani maelezo yanayoambatana na picha. Ikiwa RepetitionTime (muda kati ya picha moja na inayofuata) imeandikwa na participants.tsv (orodha ya washiriki) inalingana na folda zilizopo, kitapitisha. Kijana mmoja tuliyefanya naye kazi, makini kuliko wengi, aliondoa nyuso katika picha zote za T1w, aina moja ya picha za MRI (skana ya sumaku), kwa pydeface, programu ya kufuta uso, akazifungua moja baada ya nyingine, akaridhika. Picha za FLAIR, aina nyingine ya MRI, zilizopigwa siku hiyohiyo kwa watu walewale, zilibaki kama zilivyotoka kwenye skana. Skripti yake ilitafuta faili zinazoishia na T1w.nii.gz, nayo ikafanya kile hasa ilichoambiwa. Kihakiki kikapitisha, data zikachapishwa.

Aliyetuandikia kuhusu kosa hilo ni mtafiti wa mbali aliyekuwa akizitumia. Tulipoifungua FLAIR ya kwanza na kuigeuza kuwa umbo la pande tatu, tuliona pua, midomo, mashavu na masikio, kiasi kwamba muuguzi aliyekuwa akipita nyuma yetu alimtaja mwenye uso kwa jina. Seti iliondolewa siku hiyohiyo, lakini kuondoa chanzo hakufuti nakala: aliyekwisha kupakua, au aliyeinakili kwa DataLad (programu ya kunakili na kufuatilia data), anabaki nayo, na CC0 haimlazimishi mtu kurudisha kitu. Washiriki wote walipigiwa simu. Mama mmoja alikuja mwenyewe, akaomba aonyeshwe picha, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza ni nani walioiona. Data hizo hupakuliwa bila kujiandikisha, kwa hiyo hapakuwa na jibu la kumpa.

Asiseme mtu kwamba uso wa kwenye MRI hautambuliki. Mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic walichapisha katika New England Journal of Medicine jaribio ambamo programu ya kutambua nyuso, ikilinganisha MRI na picha za kawaida, iliwapata kwa usahihi washiriki 70 kati ya 84. Fungua kila aina ya picha inayobeba uso, uigeuze pande tatu, uitazame kwa macho yako. Fungua na JSON pia, maana aliyeendesha dcm2niix, programu inayogeuza picha za skana kuwa faili za uchambuzi, kwa -ba n (yaani bila kuficha utambulisho) huweza kuacha jina na tarehe ya kuzaliwa humo ndani.

3. Mashine ya kuchakatia iwe karibu na data, si karibu nawe. Data za OpenNeuro zimehifadhiwa AWS, huduma ya Amazon ya kukodisha kompyuta na hifadhi, huko Virginia nchini Marekani. Hivi karibuni nimemkuta dada mmoja mwenye bidii ameanzisha mashine zake katika kanda ya Cape Town, kwa kuwa kwenye ramani ndiko karibu na Dar es Salaam. Kila picha ikawa inavuka Atlantiki kwanza ndipo fMRIPrep, programu ya kuandaa picha za ubongo kwa uchambuzi, ianze kuichakata, huku saa za mashine zikihesabiwa. UK Biobank, hifadhi kubwa ya data za afya ya Uingereza, nao wamewahamishia watafiti kwenye jukwaa lao la wingu, wakafanyie uchambuzi humohumo badala ya kupakua. Kinachosafiri kiwe skripti yako wakati wa kwenda, na majedwali ya matokeo wakati wa kurudi.

Jaribu mshiriki mmoja hadi mwisho kabla ya kuwatuma wote, kwa sababu folda ya kazi ya fMRIPrep inaweza kujaza diski wakati wewe umelala. Ukitumia mashine za spot, zile za bei nafuu zinazoweza kuchukuliwa wakati wowote, peleka matokeo hifadhini kila mshiriki anapokamilika, kwa maana AWS huzichukua kwa onyo la dakika mbili.

4. Andika namba kamili ya toleo la kontena, yaani kifurushi cha programu na vyote inavyovihitaji; kamwe usiandike latest (toleo jipya zaidi). Tangu 2012 imekwisha kuonyeshwa kwamba FreeSurfer, programu ya kupima sehemu za ubongo, huweza kutoa vipimo tofauti kwa ubongo uleule pale toleo lake au mfumo endeshi unapobadilika.

5. Funguo za AWS hazikai GitHub, hata kama hazina ya msimbo ni ya faragha. Mashine iliyosimamishwa bado diski yake inalipiwa. Hakikisha matokeo yamefika, kisha ufute diski.

6. README, faili ya maelezo inayoambatana na data, si ya kujaza dakika ya mwisho. Andika humo yaliyoharibika: mshiriki aliyetikisa kichwa, kipindi kilichokatizwa na umeme, skana iliyobadilishiwa programu katikati ya utafiti. Anayezipakua data hizo miaka mitano baadaye hawezi kuijua siku ambayo koili ya kichwa (kifaa cha skana kinachopokea ishara) ilibadilishwa, usipomwandikia.