Mtetemo mdogo injini ikiwa kwenye sailensi: nilivyoupata kwenye gari langu

Ndugu, umeeleza kwamba gari lako la petroli la silinda nne, lenye umri wa miaka 20 hivi, hutetemeka kidogo likisimama injini ikinguruma (ndiyo sailensi), kwamba mtetemo hutoweka ukikanyaga mafuta, kwamba taa ya injini haiwaki, na kwamba plagi mpya hazikubadili kitu. Gari langu lilikuwa na dalili hizo hizo, na kabla sijaujua ugonjwa nilikwisha kununua plagi, koili moja na chujio la mafuta, vyote bila sababu. Kosa langu lilikuwa kukimbilia vipuri kabla ya kuuchunguza mtetemo wenyewe.

Anza na mshale wa mizunguko ya injini kwenye dashibodi. Injini nyingi za aina hiyo zikishapata moto hutulia kati ya mizunguko 650 na 850 kwa dakika. Ikiwa mshale umetulia tuli lakini usukani na kiti vinatikisika, na hasa ikiwa mtikisiko huongezeka ukiweka gia ya D (kwa gari la otomatiki) huku umekanyaga breki kisha hupungua ukirudi N, basi yawezekana injini haina kosa lolote, bali mipira ya mauntingi, ile inayoishikilia injini, imekufa. Mwombe mtu ashike breki kwa nguvu na kubadilisha gia kati ya D na R, nawe usimame pembeni (kamwe si mbele ya gari) ukitazama boneti ikiwa wazi. Injini inayoruka kama inataka kutoka inakupa jibu.

Ikiwa mshale unachezacheza, nenda nyuma usikilize bomba la moshi. Kwenye mizunguko 750 silinda nne huwaka mara 25 kwa sekunde, kwa hiyo sikio haliwezi kuhesabu, lakini hutambua mara moja pigo linaporukwa: mngurumo ulionyooka hukatwa na «pu» moja ya hovyohovyo. Kisha chomoa waya wa nozeli moja (kile kinachopulizia silinda petroli), sikiliza, urudishe, uende ya pili, hadi zote nne. Nasema nozeli, si koili inayoipa plagi umeme, kwa sababu ukichomoa koili petroli isiyoungua huingia kwenye bomba la moshi na kuharibu katalisti, kile kinachosafisha moshi. Silinda ambayo ukiizima injini haionyeshi tofauti yoyote ndiyo mvivu, na hapo ndipo plagi, koili, nozeli na kompresheni ya silinda hiyo vinapostahili kushukiwa.

Kwangu zote nne zilipunguza nguvu kwa kiasi kilekile. Hilo ndilo lililonifumbua macho, kwa sababu kosa linalozigusa silinda zote kwa usawa hutoka mahali ambapo zote zinachangia, na mara nyingi mahali hapo ni kwenye hewa. Injini ikiwa kwenye sailensi throto, yaani mlango wa hewa, huwa karibu imefungwa, hivyo ndani ya manifoldi inayogawa hewa kwa silinda kuna mvuto mkubwa, na tundu dogo tu kwenye mpira unaoungana nayo linatosha kuingiza hewa ambayo kipimo cha hewa hakikuihesabu. Ukikanyaga mafuta hewa halali inakuwa nyingi kiasi kwamba ile ya wizi haina uzito tena, na mtetemo unakwisha. Linganisha na ulivyoeleza wewe. Nilipounganisha kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, nilikuta kompyuta inaongeza petroli kwa asilimia 14 gari likiwa limesimama, lakini asilimia 3 tu kwenye mizunguko 2,500. Taa haikuwaka kwa kuwa kiwango hicho kilikuwa bado ndani ya mipaka yake.

Kulipata tundu kulinichukua alasiri nzima. Wengine hupuliza dawa ya kusafishia kabureta juu ya mipira. Mimi siipendi njia hiyo, maana dawa ile huwaka na manifoldi ya moshi iko karibu, ikiwa ya moto. Nilichukua koleo, nikalizungushia kitambaa, nikabana mpira mmoja mmoja karibu kabisa na manifoldi: ule wa servo ya breki, ule wa regyuleta ya presha ya petroli, kisha ule unaovuta mvuke wa oili kutoka kwenye kava ya valvu. Nilipoubana huo wa tatu, mtetemo ulikatika papo hapo, na glasi ya maji niliyokuwa nimeiweka juu ya kava ya betri ikatulia. Kwa juu mpira ulionekana mzima. Nilipouchomoa na kuukunja, kwenye kiwiko upande wa chini, ambako jicho halifiki, palifunguka mpasuko wa urefu wa ukucha.

Throto yenye masizi nayo huleta hali kama hii, kwa hiyo isafishe, ila ujue kwamba baadhi ya magari huhitaji kufundishwa upya sailensi baada ya hapo na mizunguko inaweza kuwa ya ajabu kwa muda. Valvu ya kurudishia moshi iliyokwama wazi ni mshukiwa mwingine. Mipira yote ikiwa mizima na throto ikiwa safi, usiendelee kukisia. Pima kompresheni na nafasi za valvu, kwa sababu injini ya umri huo inaweza kuwa na valvu isiyokaa vizuri, na hakuna plagi itakayoitibu.

Ukikuta mpira uliopasuka, usiufunge kwa gundi wala utepe, na usiweke mpira wa maji wa kipenyo kilekile kama nilivyofanya mimi mwanzoni. Mvuke wa oili uliulainisha, mvuto ukaubana ukawa bapa, na baada ya wiki chache nikarudi chini ya boneti. Tafuta ule uliotengenezwa kwa ajili ya oili na petroli, wenye kiwiko chake cha asili.