Utajiri na miaka ya afya uzeeni
Je, tajiri na maskini hulingana kiafya wakifika uzeeni? Hapana, hawalingani. Utafiti wa Uingereza na Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba mwanamume tajiri aliyefikisha miaka 50 alitarajiwa kuishi miaka mingine takriban 31 bila ulemavu, ilhali mwenzake maskini alitarajiwa kupata 22 au 23 tu. Kwa wanawake pengo lilikaribiana na hilo. La kushangaza ni kwamba Uingereza, yenye matibabu ya umma yasiyolipiwa hospitalini, haikuwa na nafuu kubwa kuliko Marekani. Hata hivyo, ulemavu ulipimwa kwa maelezo ya wahusika wenyewe kuhusu shughuli kama kuvaa na kuoga, na maradhi nayo humpunguzia mtu mali, hivyo umaskini si chanzo pekee.