Ukipiga hesabu ya moshi, usisahau umande

Kiwanja cha nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, huku Dunda, Bagamoyo, kilikuwa kinasafishwa. Minazi mizee na mwembe mmoja vikakatwa, magogo yakarundikwa na kutiwa moto. Shangazi akaniuliza: "Mwanangu, wewe si ndiye uliyesomea mambo ya hewa? Moshi huu hautatudhuru?" Nikapiga hesabu jioni ileile, nikamwambia asiwe na hofu. Nilikosea, na aliyekesha akikohoa ni yeye.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Unakadiria kilo za kuni zinazoteketea kwa saa. Kilo moja ikiungua mahali pa wazi hutoa takriban gramu 10 za chembe laini, zile zisizozidi mikromita 2.5 ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Kisha unaingiza kasi ya upepo na jinsi hewa inavyoutawanya moshi. Nilikadiria kilo 60 kwa saa, jua kali, upepo wa mita 4 kwa sekunde, nyumba mita 200 kutoka motoni. Nikapata mikrogramu 17 hivi kwa mita ya ujazo. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani (WHO) cha mwaka 2021 ni 15 kwa wastani wa saa 24, nami nikaona tofauti ni ndogo. Tena mchana upepo hutoka baharini ukapeleka moshi bara. Nikaridhika.

Alfajiri nikakuta neti ya shangazi inanuka moshi, na ndoo ya maji uani imetanda majivu.

Usiku upepo hugeuka. Umande, yaani ule upepo wa usiku wa nchi kavu, huvuma polepole kutoka bara kwenda baharini, na nyumba ya shangazi iko katikati ya moto na bahari. Ardhi ikishapoa, hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu, haipandi, na moshi hutambaa nayo chinichini. Nikarudia hesabu kwa upepo wa mita 1 kwa sekunde na hewa iliyotulia: zaidi ya mikrogramu 2,000! Hata moto ukififia hadi sehemu ya kumi, bado unavuka 200.

Kwa hiyo ingiza upepo wa saa baada ya saa, wastani wa siku utakudanganya. Usitegemee utabiri wa upepo wa kwenye simu peke yake: funga uzi mwepesi kwenye kijiti, usimame nao uani saa mbili usiku na tena saa kumi na moja alfajiri. Hesabu pia saa ambazo magogo yanafuka tu. Moto mkali huusukuma moshi juu, lakini gogo linalofuka huuacha chini, puani mwa watu. Na ukipata kifaa kidogo cha bei nafuu cha kupimia chembe, kumbuka unyevu wa pwani hukifanya kionyeshe zaidi ya kilichopo.

Nilimwonyesha mwenye kiwanja hesabu zote mbili. Moto ukazimwa kwa maji siku hiyohiyo. Mwembe uliobaki akauchukua muuza kuni, minazi ikapasuliwa mbao.