Nina Uzamili wa Sheria: Je, Naweza Kuwa Wakili?

SWALI: Shahada yangu ya kwanza ni ya utawala wa biashara, na baadaye nilisoma kwa masafa shahada ya uzamili katika sheria ya biashara kutoka chuo kimoja cha Uingereza. Nimeajiriwa katika ofisi ya kampuni ya samaki hapa Mwanza. Je, ninaruhusiwa kujiunga na Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, nifanye mitihani yake na hatimaye niwe wakili? Na kwa sasa, naweza kuwaandikia mikataba wafanyabiashara wa Mwaloni, Kirumba, ambao wako tayari kunilipa? – Msomaji, Ilemela

JIBU: Ndugu msomaji, jibu la swali lako la kwanza ni hapana, na ni afadhali ulijue kabla hujatuma maombi. Sheria iliyoianzisha taasisi hiyo, Sura ya 425, pamoja na Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, zinadai shahada ya kwanza ya sheria kutoka chuo kinachotambulika; uzamili, hata uwe wa sheria na wenye alama za juu, hauzibi pengo hilo. Wapo wanaolalamika kwamba haiwezekani shahada ya juu ikataliwe na ya chini ikubaliwe. Sikubaliani nao. Aliyebobea katika sheria ya biashara peke yake hajapitia ushahidi, mwenendo wa madai, mwenendo wa jinai wala sheria ya ardhi, na taasisi haimfundishi mtu mambo hayo kuanzia mwanzo, bali inamtaka aandae hati ya madai na hati ya kiapo, ajizoeze kumhoji shahidi, kisha apelekwe mahakamani na katika ofisi za mawakili kujifunza kazi. Hata wenye shahada ya sheria hukwama: mwaka 2022 nchi nzima ilijadili matokeo ambayo, kati ya wanafunzi 633, ni 26 tu waliofaulu mara ya kwanza, hadi serikali ikaunda kamati ya kuchunguza.

Kwa hiyo huna budi kusoma shahada ya kwanza ya sheria. Kwa kuwa umeajiriwa, anza kwa kuulizia kituo cha Mwanza cha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, pale Malimbe, nacho hufundisha sheria. Ukipendelea tena chuo cha nje, hakikisha kwanza kwamba Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania itaitambua shahada yake. Baada ya mafunzo ya vitendo ndipo utakapowasilisha ombi kwa Jaji Mkuu ili uandikwe katika Daftari la Mawakili.

Kuhusu wafanyabiashara wa Mwaloni, uwe mwangalifu sana. Kumsomea mwajiri wako rasimu ya mkataba na kumweleza hatari zilizomo ni sehemu ya kazi yako, lakini kuandaa hati za kisheria kwa malipo bila kuwa na sifa ni kosa chini ya Sheria ya Mawakili, na ndivyo wanavyofanya wale tunaowaita vishoka. Tuseme mtu ameuza mtumbwi na injini kwa hati uliyoiandika wewe, kisha mnunuzi akagoma kumalizia malipo: wakifikishana polisi, jina lako ndilo litakalotajwa. Waelekeze kwa wakili, na wamwombe awaonyeshe leseni yake ya mwaka huu kabla hawajampa hata shilingi.